Tantine Hakusema Vile

Wewe unanijua. Mimi si mtu wa kusimama barabarani na kubishana na karatasi. Lakini Jumapili ile nilikuwa natoka soko la Flagey, hapa Brussels, mkono mmoja mboga, mkono wa pili kuku wa kuchoma aliyekuwa bado anatoa mvuke ndani ya mfuko wake, nikamwona Tantine kwenye kioo cha kituo cha basi. Tantine wa zamani, kitambaa kichwani, nyusi moja juu, uso ule ule uliokuwa ukitokea kwenye televisheni yetu kila Jumapili nilipokuwa mtoto. Furaha iliyonipata, acha tu. Nilitaka kumshika mkono mtu yeyote aliyekuwa karibu nimwambie: huyu ni wa kwetu, alikaa ghorofa ya juu yetu. Kisha nikasoma maneno yaliyoandikwa chini ya kidevu chake.

Yalikuwa ya Kifaransa, makubwa, ya njano, na maana yake ilikuwa: nitakupika. Kupika kwa jikoni, kwa moto na chumvi, jinsi mtu anavyopika sungura. Na ili asibaki mtu wa kutoelewa, walikuwa wamechora sufuria inayochemka, na ndani ya sufuria mzungu aliyevaa koti jeupe la daktari. Maelezo madogo yalisema kwamba Jumapili inayofuata kutakuwa na alasiri ya kumheshimu mwanamke mweusi wa kwanza kuchekesha nchi hii kwenye televisheni, na kwamba mwenyewe atakuwepo ukumbini.

Nilisimama pale mpaka basi likaja na likaondoka bila mimi. Kuku akapoa. Nikasema peke yangu, kwa sauti, hata mama mmoja mwenye mbwa akasogea mbali nami kidogo: Tantine hakusema vile.

Ngoja nikueleze kutoka mwanzo, maana bila mwanzo utaona nina hasira ya bure.

Tulikaa kwenye jumba la zamani, mtaa mdogo unaoteremka kutoka Chaussée d'Ixelles. Lifti ilikuwepo, lakini ilipanda pale ilipojisikia. Kwa hiyo tulizijua ngazi zile kwa pua: chini kulikuwa na nta ya mbao ya mzee mmoja Mfleming, Mbelgiji wa kusema Kiholanzi, katikati samaki wakavu wa mama yangu, na juu kabisa mafuta ya nywele na kahawa ya Tantine. Sisi tulitoka Lubumbashi, na Tantine alitoka Lubumbashi, na hilo lilitosha. Tulimwita Tantine, yaani shangazi, lakini hakuwa ndugu wa damu. Mama alikuwa kwenye ngazi akimkemea kaka yangu kwa Kiswahili; Tantine akasikia, akaweka chini mifuko yake akalia. Tangu siku hiyo mlango wetu na mlango wake haikufungwa kwa ufunguo mchana.

Kule nyumbani alikuwa mtu anayejulikana. Aliigiza redioni, halafu kwenye televisheni ya mkoa, akicheza mke mwenye mdomo asiyemwachia mumewe hata nafasi ya kumeza mate. Watu walimsimamisha sokoni wamwombe awatukane kidogo. Huku Brussels alifika akasafisha ofisi, kwa sababu hakuna aliyekuwa anatafuta mke mwenye mdomo kutoka Lubumbashi. Mpaka televisheni ya hapa ilipoanza mchezo wa kuchekesha kuhusu daktari wa meno na wagonjwa wake, ikahitaji mwanamke mweusi wa kusafisha kliniki. Alikwenda akiwa bado amevaa vazi lake la kazi. Walidhani amelivaa kwa ajili ya majaribio, wakamsifu.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo lenyewe. Kwenye maandishi aliyopewa, sehemu kubwa ya maneno yake haikuwa maneno. Iliandikwa tu: ananung'unika Kiafrika. Basi. Kila ukurasa, daktari anasema hivi, muuguzi anajibu vile, msafishaji ananung'unika Kiafrika. Tantine alimwuliza mwongozaji, Kiafrika kipi? Akajibiwa kwamba chochote, kitakachokuja. Mama yangu alipohadithiwa alikasirika mpaka akaunguza mchuzi, lakini Tantine alikuwa anacheka. Alimwambia mama, "We, unajua bamenipa nini? Bamenipa mudomo yangu. Hakuna mutu mule ndani atasikia kintu ninasema. Donc ntasema yote."

Na alisema yote. Kila Jumapili, baada ya misa na kabla vyombo havijaoshwa, msafishaji wa kliniki alinung'unika Kiafrika mbele ya nchi nzima, na Kiafrika hicho kilikuwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kisafi, chenye majina ya mitaa na habari za wiki. Aliwapongeza waliojifungua. Aliwakumbusha watu sufuria zao walizoazima. Aliwahi kupangusa kiti cha mgonjwa huku akisema kuna baba mmoja anayelala wakati wa mahubiri na kukoroma, na kwamba Mungu anamsikia na yeye Tantine anamsikia. Jumatatu yake papa wa duka (kwetu papa ni baba), aliyetuuzia unga na mawese pale Matonge, mtaa wa Wakongo, hakutaka kumwangalia mtu usoni. Wabelgiji nao walicheka sana, wakicheka sauti, jinsi ilivyopanda na kushuka. Sisi tulicheka maneno. Nyumba mbili zilicheka kitu kimoja kwa sababu mbili, na ile ya kwanza haikujua kwamba ya pili ipo.

Jumapili zile zilikuwa na kazi zake. Mama alitwanga sombe, yale majani ya muhogo, mwenyewe, maana ile ya kwenye barafu alisema ina ladha ya karatasi. Kinu kiliwekwa juu ya blanketi lililokunjwa, na blanketi juu ya godoro la mtoto, na kazi yangu ilikuwa kukikumbatia kinu kwa miguu ili kisitembee. Hata hivyo mzee Mfleming wa chini alisikia. Alipiga dari yake kwa fimbo ya ufagio, mama akatwanga, akapiga, mama akatwanga, na mimi katikati nikitetemeka mwili mzima. Halafu harufu ya sombe na samaki ilijaa, vioo vya dirisha vikatoka jasho, papa akaanza kusonga bukari, ndiyo ugali wetu, akiwa na shati la kanisani, na watu wakaanza kuja. Mama wa Molenbeek, tuliyemwita hivyo kwa sababu alikaa Molenbeek na alipenda kulalamika kuhusu urefu wa njia, alifika na watoto wake na viti vyake mwenyewe. Papa wa duka alifika na soda. Tantine hakuja. Alikuwa anajitazama huko juu peke yake, na tulipocheka kwa nguvu, tulimsikia akigonga sakafu yake kwa kisigino, kwamba amesikia.

Mimi nilikuwa na bahati zaidi ya wote, kwa sababu nilikuwa daktari. Siku za katikati ya wiki Tantine aliniita jikoni kwake nimsaidie kujifunza. Nilivaa tai ya papa, nikapanda juu ya kiti, nikasoma maneno ya daktari wa meno kwa Kifaransa changu cha shuleni, nikijaribu kukoroma zile r zao. Yeye alishika raclette. Unaijua raclette, ule mti mrefu wenye raba chini wa kusukumia maji sakafuni. Brussels nzima inaiita hivyo. Nilikuwa nikianza kucheka kabla hajamaliza, naye alinisimamisha kila mara. "Weye usicheke. Ukicheka weye, batafikiri ni muchezo." Na mimi nilishindwa kila mara, na kila mara tulianza upya, na kahawa yake ikapoa.

Pale jikoni ndipo alipozaliwa huyo "nitakupika" anayeniumiza kichwa leo. Daktari alitakiwa kupita na viatu vyake kwenye sakafu iliyotoka kuoshwa. Nikapita. Tantine akainua raclette juu ya kichwa changu, akasema polepole, akiwa hana hata dalili ya tabasamu, "Nitakupika na raclette, weye." Nilianguka kutoka kwenye kiti kwa kucheka.

Kama wewe ni mtu wa Dar au Mombasa, hapa nikushike mkono. Sisi watu wa Lubumbashi hatutofautishi. Mnachoita kupiga, sisi tunasema kupika. Tunapika picha, tunapika simu, mama anapika mtoto mtukutu, na jioni anapika bukari, na hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa akampa mtoto mwiko na bukari kofi. Tantine alisema atampiga daktari kwa ule mti wa kusukumia maji. Basi. Hata mzee Mfleming wa chini alielewa, bila kujua neno moja la lugha yetu. Alikuwa akitukuta sisi watoto tunakimbia ngazini anainua fimbo yake, anasema "nitakupika", na sisi tunakimbia zaidi, na yeye anafurahi.

Lakini kuna jambo lingine, na ndilo lililonifanya nisimame kituoni na kuku wangu.

Siku moja Tantine alishuka kwetu akiwa na maandishi mapya mkononi, akayaweka mezani mbele ya mama bila kusema kitu. Wiki ile waandishi walikuwa wamepata wazo. Daktari hayupo kazini, mgonjwa anafika mapema, anamkuta msafishaji jikoni mwa kliniki akikoroga sufuria kubwa na kunung'unika Kiafrika, na pembeni yake kuna koti la daktari, tupu. Mgonjwa anakimbia mpaka barabarani. Ndiyo kichekesho chote. Tantine alikataa. Mwongozaji alimwambia ni ya kucheka tu, naye alimjibu kwamba kuchekesha ndiyo kazi yake tangu yeye mwongozaji akiwa shule, na kwamba atasafisha kliniki hiyo mpaka ing'ae, atavaa wanachotaka avae, lakini kwenye sufuria ile hatatia mkono.

Wakamweka kando. Kwenye televisheni walisema msafishaji amekwenda likizo kwao Afrika. Tantine aliyatazama hayo akiwa sebuleni kwetu, mara ya kwanza kumwona akikaa na sisi Jumapili, sahani mapajani. Akasema, "Ah bon. Niko mu congé Afrika, kumbe. Maman, leta sombe ingine, ya huku Afrika iko muzuri." Tulicheka, lakini mama hakucheka. Alijua kodi ya nyumba ya ghorofa ya juu inalipwa na nini.

Walimrudisha, kwa sababu watu waliuliza yuko wapi. Kichekesho cha sufuria kilitupwa. Lakini hawakumsamehe, maneno yake yalipungua, na mchezo ulipoanza tena mwaka uliofuata, kliniki ilikuwa na msafishaji mwingine. Hakupata tena kazi kama ile. Alicheza muuguzi anayepita na sinia, alicheza mama anayelia uwanja wa ndege. Jumamosi alifundisha watoto wa parokia kuigiza, na wachekeshaji kadhaa weusi unaowaona leo kwenye majukwaa ya mji huu walipitia mikono yake, na wanasema hivyo hadharani, nawashukuru. Ila akiulizwa amefanya nini maishani, hasemi alikuwa wa kwanza. Anasema, "Nilikatala ile sufuria." Ndiyo heshima yake yote, hapo.

Sasa niambie tena kwamba nina hasira ya bure.

Nilikwenda ukumbini. Ni ukumbi mdogo, wa watu wenye nia njema, na watu wenye nia njema wananichosha kuliko wote. Madamu anayeuongoza alinipokea kwa kahawa na mikono miwili. Nilimweleza. Aliinamisha kichwa upande, akasema anaelewa kabisa, halafu akasema bango limependwa sana. Nikamwambia hakuna mtu aliyesema maneno yale. Akasema lakini yanaonyesha alivyokuwa akiwakejeli wazungu kwa kutumia woga wao wenyewe. Nikamwambia hakuwakejeli kwa woga wowote, aliwaambia wasikanyage sakafu. Akaniuliza basi alisema nini hasa. Nikamwambia: nitakupiga. Madamu akakunja uso. Akasema hilo ni gumu kidogo, mwanamke mweusi anayetishia kupiga, siku hizi watu wanaweza kulichukua vibaya.

Kumpika mtu ni sherehe, kumpiga ni vibaya. Nikaomba kuonana na aliyetafsiri ile michezo ya zamani watakayoionyesha.

Alikuwa kijana wa Dar es Salaam anayesomea mambo ya filamu hapa, mpole, miwani, amekaa mbele ya kompyuta na mkate wa jibini. Nilikuwa nimejiandaa kumla mzima, lakini alisimama akanipa kiti, akaniamkia vizuri, ikanipunguza nguvu.

"Dada, honestly, nimeisikiliza mara nyingi sana," alisema. "Sauti iko clear kabisa. Anasema nitakupika."

"Njo vile. Alisema nitakupika."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Haina kupika ya jikoni. Kwetu kupika ni... kupika." Nikainua mkono nikaupiga hewani.

Alinitazama. Nikaona neno linamwingia polepole. "Kupiga?"

"Voilà."

"Na raclette je?"

"Ya kusukuma maji. Ya sakafu."

Akaketi. Akavua miwani. "Mimi nilijua ni ile jibini ya kuyeyusha. Nikasema, basi ni vichekesho, anampika na jibini." Akatazama mkate wake, akausukuma mbali. "Sorry, dada. Nimemfanya mama wa watu mla watu. Na wao wakaenda wakachora na sufuria."

Naapa sikutaka kucheka. Nilicheka mpaka madamu akachungulia mlangoni. Kijana aliniambia anaweza kubadilisha maandishi ya chini ya picha siku hiyo hiyo, ni kazi ya dakika chache, ila bango si lake. Madamu alisema wataweka karatasi nyeupe juu ya maneno kwenye bango la mlangoni. Yale ya vituo vya basi yataondoka yenyewe, alisema. Na mimi nilitoka pale nikijua kwamba kabla ya Jumapili mtu atamwambia Tantine, na ni heri niwe mimi.

Anakaa nyumba ya wazee siku hizi, Ixelles hii hii, dirisha lake linatazama maegesho ya magari. Masikio yamechoka. Namletea sombe kila ninapopata nafasi, ya barafu, mama anisamehe huko aliko, na wauguzi hufungua dirisha la korido nikipita. Nilingoja amalize kula. Nikamweleza kwa kupaza sauti sikioni, sentensi fupi fupi, na jirani yake upande wa pili wa ukuta nadhani alisikia yote.

"Banasema nilisema nitamupika," akarudia. "Mu sufuria?"

"Ndiyo, Tantine. Bamechora na sufuria."

"Ile nilikatala."

"Najua, Tantine."

Akafuta mdomo. Akakunja kitambaa cha karatasi mara mbili, akakikunjua. Kisha akasema, "Juu ya ile sufuria nilipoteza kazi yangu. Sasa nimezeeka, bananiletea ile sufuria na mauwa juu yake."

Nilimwambia kijana amesahihisha, kwamba sasa itaandikwa alichosema kweli. Nilidhani atafurahi. Alitikisa kichwa.

"Hapana. Batoshe maandishi yote."

"Wayatoe yote? Tantine, watu hawataelewa kitu."

"Na zamani nani alielewa? Bazungu bale hawakuelewa, balicheka tu. Mi sikukuwa nasema na bo. Nilikuwa nasema na watu yetu." Akagonga meza kwa kidole. "Maneno yangu, hakuna kuandika chini. Waambie ni mi nimesema."

Nilibishana naye, usifikiri sikubishana. Nilimwambia haya ni mambo ya kiburi, kwamba vijana wanataka kujua, kwamba lugha isipoandikwa inakwenda na wenyewe. Aliniacha nimalize, au hakunisikia, kisha akaniuliza kama sombe imebaki. Ndivyo alivyo. Nilipiga simu ukumbini nikiwa korido, madamu akashtuka, kijana wa Dar akasema sawa, kama mama mwenyewe ndiye anayetaka, anaondoa. Kifaransa cha daktari kitabaki kama kilivyo. Tantine atanung'unika bila neno chini yake.

Ukumbi ulijaa. Hilo niliseme, maana nimewasema vibaya. Walikuwepo vijana wa kuchekesha, walikuwepo wanafunzi wake wa Jumamosi ambao sasa wana vitambi, walikuwepo Wabelgiji wenye mvi waliomkumbuka kutoka utoto wao na waliokuja kumshika mkono wakilengwa na machozi. Alivaa kitambaa cha zambarau. Alikaa mstari wa mbele na mimi pembeni yake, mgongo umenyooka kama mtu anayesubiri kuitwa jukwaani. Taa zikapungua, ule muziki wa mwanzo ukaanza, na mimi nikaisikia sebule yetu. Niseme tu wazi, niliisikia.

Daktari akaingia. Tukaona sakafu inayong'aa, tukaona viatu vyake. Tantine wa zamani, mwembamba, mkali, akainua raclette, nyusi moja juu, na akasema maneno yake bila maandishi yoyote chini, akiwa hana hata dalili ya tabasamu.

Ukumbi ulinyamaza.

Si kwa ubaya. Walisubiri. Walikuwa wanangoja kuambiwa. Wale wenye mvi walitabasamu kidogo, kwa adabu, maana siku hizi wamejifunza kwamba lugha ya mtu si ya kuchekwa, na wako sahihi. Vijana wetu, waliozaliwa hapa, wenye Kifaransa chao na Kilingala cha kwenye nyimbo, walitazamana. Nyuma yangu nilimsikia binti mmoja akimwuliza mwenzake amesema nini, na mwenzake akajibu kwamba hajui.

Nikatazama huku na huku nikiwatafuta watu wa sebule ile. Ni ujinga, najua. Papa na mama wamelala kaburi moja huko Evere. Mama wa Molenbeek alirudi kwa mwanawe Kolwezi, na huko ndiko ilikotoka habari ya msiba wake. Papa wa duka sijui. Lugha ile ilikuwa na watu wake katika mji huu, walijazana kwenye chumba kimoja chenye vioo vya jasho, na kila neno la Tantine lilijua mlango wa kugonga. Nilipigana wiki nzima ili maneno yake yabaki kama alivyoyasema. Yamebaki. Hayana pa kwenda.

Nikacheka. Sikupanga, kilinitoka tu, kicheko kibaya cha puani. Na mahali fulani nyuma, kule kwenye mashine, kijana wa Dar naye akacheka, peke yake gizani. Watu wakageuka kututazama.

Tantine akanivuta mkono. Macho yake hayakutoka kwenye picha.

"Banacheka?" aliniuliza, kwa sauti ya mtu asiyesikia, ukumbi mzima ukasikia.

Ningeweza kumdanganya. "Hapana, Tantine," nikamwambia sikioni. "Ni mi tu, na ule kijana wa Dar."

Alifikiri kidogo. Kwenye picha, daktari alikuwa anarudi tena na viatu vyake.

"Alors cheka nguvu," akasema. "Ingine inakuya."